Mistari Mitatu ya Dhania

Mwezi wa tatu mwaka 2024 mama mmoja wa bloku yetu aliniuliza swali, na nilimjibu vibaya. Yeye alikuwa ameshika jembe, mimi nimeshika karatasi ya mahudhurio. Akasema: "Sasa weye kijana, nitoe maharage niweke maua. Watoto watakula maua?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mama mukubwa, maua hayaliwi, lakini yanawalisha wale wanaotulindia chakula." Maneno hayo nilikuwa nimeyakariri kwenye mafunzo ya siku tatu. Yalisikika vizuri sana. Vijana wawili wa kikundi changu walipiga makofi.

Yeye hakupiga makofi. Alisema tu, "Haya," akahesabu hatua kutoka mwisho wa shamba, akaniachia mistari mitatu.

Jina lake siliandiki kwa sababu aliniomba nisiliandike. Tunamwita Mama mukubwa, ingawa si dada ya mama yangu. Alikuwa jirani yetu wa kwanza tulipopimiwa kiwanja, na siku ile hatukuwa na chungu, alitupa chake. Kwa hiyo mtu aliyenipa mistari mitatu si "mnufaika" kama tunavyoandika kwenye ripoti. Ni mtu ambaye ningekutana naye bombani kila asubuhi, mavuno yawe mazuri au mabaya.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, magharibi ya Uganda. Tulifika mwaka 2012, mwaka ule ule kambi ilipofunguliwa tena kwa ajili yetu watu wa Kivu. Tulivukia Bunagana, tukalala Nyakabande kule Kisoro, halafu tukaletwa huku kwa magari. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sekondari nimemalizia hapa, na hapo ndipo masomo yamesimama kwa sasa. Kazi yangu ni mpira, maigizo, kukaa na vijana wanaoacha shule, na tangu mwaka 2023, bustani. Bustani iliingia kwa sababu ya njaa, tusifichane. Mgao wa chakula ulikuwa umeshapunguzwa asilimia 30 mwaka 2020. Halafu mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi, nyingine zikaambiwa zinaweza kujitegemea, zikatolewa kabisa. Kijana ambaye nyumbani kwao hawajapika humwambii aje kwenye maigizo. Unamwambia aje kwenye bustani, kuna sukuma wiki ya kubeba.

Tulikuwa vijana kumi na wanne na kipande kidogo karibu na bonde, pale ambapo maji hayakauki haraka. Tulipanda sukuma wiki, nyanya kidogo, na maharage. Wiki ya tano vidukari wakaja. Kama hujui neno hilo, wadudu wenyewe unawajua: ni wale weusi wadogo wanaojazana kwenye ncha ya maharage mpaka shina linakuwa kama limepakwa masizi. Kwenye sukuma wiki wanakuwa na rangi ya majivu, wanajificha chini ya jani, jani linajikunja. Wananyonya maji ya mmea, na wengine wanabeba magonjwa kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Ukiwagusa wanapasuka, vidole vinanata.

Tukachanga pesa. Shilingi elfu thelathini na tano, na kwa vijana ambao hawana kazi hiyo ni pesa. Tukanunua dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala maelezo. Aliyetuuzia alisema, "Vifuniko viwili kwa bomba moja." Tukaazima bomba ya kupulizia, tukapuliza bila glavu, tukiwa tumefunga mashati puani. Kijana mmoja aliumwa kichwa na kutapika jioni hiyo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolijutia katika habari hii, na halikuwa la mwisho. Vidukari walikufa. Tulisherehekea. Baada ya siku kama kumi na mbili walirudi, na safari hii walikuwa wengi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo alipokuja bwana shamba mmoja, mtu wa maneno machache. Hakuuliza tumepuliza nini. Alichuma jani moja la sukuma wiki ambalo halikupulizwa, kule pembeni, akaligeuza, akatuita tuiname. Akatuonyesha mdudu mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mwili umegawanyika vipingilivipingili, anatembea kama mamba mdogo. Akauliza: "Huyu mnamjua?" Sote tukasema ndiyo. Tulikuwa tunamponda kila siku! Tuliamini ndiye anayekula majani, maana ana sura mbaya.

Huyo mamba ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, yule ambaye watoto wanamweka mkononi wanasubiri aruke. Mkubwa anakula vidukari, lakini mtoto ndiye mlafi: kabla hajakua anaweza kumaliza vidukari mamia. Tulikuwa tunawaua askari wetu na kuwaachia wezi.

Siku hiyo tulikaa pale mpaka saa saba tukigeuza majani. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa kambi ambao hawajawahi kufanya hivyo, kwa sababu ukishaona mara moja huwezi kuacha kuona. Kuna nzi mwenye mistari ya njano kama nyuki, anasimama hewani bila kusogea kama vile amefungwa kwa uzi. Hang'ati. Jike lake linataga yai moja moja katikati ya vidukari, na anayetoka ni funza asiye na miguu anayewanyonya mmoja baada ya mwingine. Kuna kidukari mmoja amevimba, amekuwa rangi ya karatasi ya kaki, hatembei, na mgongoni ana tundu la mviringo kabisa kama limetobolewa kwa sindano. Huyo aliingiliwa na nyigu mdogo, mdogo kuliko sisimizi. Nyigu alitaga yai ndani yake, mtoto akamla kutoka ndani, akatoboa, akaondoka. Binti mmoja wa kikundi alisema, "Kumbe hapa kuna vita kuliko kwetu." Tulicheka, halafu tukanyamaza kidogo.

Na dawa yetu? Iliua wote, askari na wezi. Tofauti ni kwamba kidukari jike hahitaji dume ili azae. Anazaa watoto hai, na mtoto ndani ya wiki moja hivi anaanza kuzaa naye. Yule mwekundu wa madoa anahitaji wiki tatu au nne kutoka yai mpaka kuruka. Kwa hiyo ukisafisha shamba kwa dawa, wa kwanza kujaa tena ni yule uliyemkimbia.

Sasa maua yanaingia wapi? Yule nzi wa mistari na yule nyigu mdogo, wakishakuwa wakubwa, hawali vidukari. Ni watoto wao tu wanaokula. Wakubwa wanaishi kwa utamu wa maua, na nzi anahitaji pia chavua ili mayai yake yakomae. Shamba lenye maharage mabichi peke yake, limepaliliwa mpaka pembeni likang'aa, kwao ni jangwa. Wanapita, hawakai. Ukiwawekea maua karibu, wanakunywa, wanabaki, wanataga hapo hapo. Lakini si kila ua. Mdomo wa nyigu yule ni mfupi, kwa hiyo ua refu lenye shimo halimsaidii. Anataka ua dogo lililo wazi: dhania ikishachanua, shamari, au kishona nguo kinachoota chenyewe na tunachokichukia. Alizeti nayo ni nzuri, maana inatoa utamu hata kwenye majani kabla ua lenyewe halijafunguka. Kunde pia zina utamu kwenye kikonyo cha ua, na zaidi ya hapo majani yake ni mboga.

Bwana shamba alituambia pia habari za Kenya, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria, ambako watafiti wa icipe tangu miaka ya 1990 wamefundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya tembo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo wa bungua na inawaita nyigu, na majani ya tembo yanamvuta nondo atage huko nje. Ni kazi nzuri sana. Lakini mmoja wetu aliuliza swali ambalo naona ni la mkimbizi kabisa: "Hiyo desmodiamu inakaa miaka mingapi?" Akajibiwa kwamba inaweza kukaa miaka mingi. Tukatazamana. Nusu yetu tunalima viwanja vya kukodi kwa wenyeji, tunalipa kwa msimu. Nani atapanda kitu cha miaka mingi kwenye shamba la miezi minne? Basi tukabaki na maua ya msimu. Dhania, alizeti, kunde.

Kwenye bustani yetu mambo yalikwenda hivi hivi. Mbuzi walikula alizeti za kwanza. Za pili zikamea vizuri, zikatia kivuli mistari miwili ya maharage mpaka ikawa myembamba kama uzi, halafu ndege wakaja kula mbegu. Kina mama waliokuja kutusaidia palizi waling'oa kishona nguo chote pembeni kwa moyo safi kabisa, wakitushangaa tulivyo wavivu. Bado, sukuma wiki ile karibu na dhania iliyochanua ilikuwa na vidukari wachache waliokuwa hai na wengi wa rangi ya kaki wenye matundu. Tuliona kwa macho. Mimi nikapata moto. Nikaenda kwa Mama mukubwa.

Kipande chake ni kidogo kuliko chetu. Ana watoto watano, wawili ni wa marehemu dada yake. Kwenye yale makundi ya mwaka 2023 aliwekwa pale pa kupata kidogo. Maharage yake si ya kuuza. Ni ya kula, na kinachobaki ni mbegu.

Alipanda maharage katikati ya mwezi wa tatu, mvua ilipokaa sawa. Siku hiyo hiyo mimi nikapanda dhania kwenye ile mistari mitatu, na alizeti sita pembeni. Nilijiona mtaalamu. Kosa lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuliona: maharage yanaanza kuchanua baada ya wiki tano au sita, lakini dhania iliyopandwa siku hiyo hiyo inakuwa bado majani. Kwenye bustani yetu dhania ilikuwa ya zamani, ilishachanua kabla. Kwake ilikuwa ya kijani tu. Yaani niliwajengea askari hoteli, lakini siku adui anafika, jiko halijawashwa.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mvua ilikatika kwa siku nyingi. Vidukari wanapenda hivyo, maana mvua kubwa huwaangusha. Wakaingia kwa Mama mukubwa kutoka upande wa njia. Alikuja kwetu jioni, hakukaa.

"Wamefika. Niko na jirani ana dawa na bomba. Nipulize?"

Nikamwambia asubiri. Ukipuliza sasa utaua na wale tunaowangojea. Wape siku kumi.

"Siku kumi," akasema.

"Siku kumi, mama."

Nilikuwa nawapitia kila asubuhi kabla ya kazi. Siku ya tatu niliona mayai ya njano yamesimama pamoja chini ya jani, nikafurahi kama mjinga. Siku ya tano sisimizi walikuwa wengi sana. Hilo sikulitegemea. Vidukari wanatoa maji matamu, sisimizi wanayakusanya, na kwa sababu hiyo wanawalinda vidukari wao kama mfugaji anavyolinda ng'ombe. Niliona kwa macho yangu sisimizi wakimng'ata yule mwekundu wa madoa mpaka akaruka. Tukamwaga majivu kwenye mashina, tukachimbua kiota kimoja. Siku ya nane watoto wale kama mamba wakaonekana, lakini mistari minne ya maharage ilikuwa imeshajikunja na maua yake yameanguka.

Siku ya kumi nilikwenda nikiwa nimetayarisha maneno. Hakunipa nafasi. Alikuwa amechuchumaa anang'oa yale yaliyoharibika, kwa utaratibu, anayaweka kwenye gunia. Akasema bila kugeuka:

"Weye uko na kazi. Mwezi ukiisha, unapewa. Miye niko na shamba tu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kazi, na nikaona kwamba katika mambo yote niliyofundishwa siku tatu zile, hakuna aliyesema ni nani anayelipa kama tukikosea. Mimi nilikuwa na pesa ya insentivu, ndogo, lakini inakuja. Bustani ya vijana ikifa, tunaandika "changamoto" kwenye ripoti, tunaendelea. Yeye aliweka chakula cha watoto watano juu ya maneno yangu matamu. Na alikubali kwa sababu ni mimi, mtoto wa jirani. Angekuja mgeni mwenye kofia ya shirika, angemsikiliza kwa heshima na kufanya yake.

Mavuno yalipofika alipata beseni mbili pungufu ya alizopata msimu kama huo mwaka uliotangulia. Nilikwenda na beseni moja ya maharage kutoka kwetu. Mama yangu ndiye aliyepima, wala hakuniuliza. Mama mukubwa aliipokea, akamimina nusu kwenye sufuria, nusu akanirudishia. "Aksanti. Hii nusu ya mama yako. Msimu ulikuwa mbaya kwa wote." Hiyo haikuwa kweli na sote wawili tulijua.

Hapa nataka kusema kidogo na wale wanaofanya kazi na mashirika, kwa sababu najua mnasoma jarida hili. Msimu ule ule, shirika moja lilitufundisha maua na wadudu marafiki, na programu nyingine ikagawa mfuko wa pembejeo wenye mbegu, mbolea na chupa ya dawa ya kuua wadudu wote. Watu wakapata vyote viwili wiki moja. Mkulima afuate lipi? Halafu mradi wetu ulipimwa kwa idadi ya waliohudhuria, na ukafungwa mwezi wa sita. Dhania ya Mama mukubwa ilichanua vizuri kabisa mwezi wa sita. Mtu wa kupiga picha alikuwa ameshakuja na kuondoka. Mimi sisemi maua ni uongo. Nasema mdudu ana kalenda yake, nayo hailingani na ya mradi. Na kama mnataka mtu mwenye njaa akuachie mistari mitatu, wekeni pembeni maharage ya mistari hiyo mitatu kabla hamjaanza, ili mkikosea mlipe. Si pesa nyingi. Nimepiga hesabu, ni pungufu ya mabango mawili.

Sikumwambia tena Mama mukubwa habari ya maua. Niliona aibu. Mwezi wa nane nilikuwa napita kwake kwenda uwanjani, nikaona kijani pembeni ya nyumba, pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Dhania. Imekaa mstari mrefu kufuata mpaka wa shamba ambalo bado halijalimwa.

Nikamuuliza. Akaniambia kwamba ile dhania yangu ya mwezi wa sita aliiacha tu, hakuwa na nguvu ya kuing'oa, ikakauka na mbegu zake. Alipokuwa anakusanya mbegu aliona wale nzi wa mistari wamejaa juu yake, na kunde zake za pembeni, ambazo kila mwaka zinajaa vidukari, zilikuwa safi kiasi. Akafikiri. "Nikasema, huyu mtoto hakudanganya. Alichelewa tu." Na alikuwa na sababu nyingine ambayo mimi sikuwahi kuifikiria: dhania mbichi inauzwa. Anafunga mafungu madogo, binti yake anayapeleka sokoni Katalyeba, wapishi wa chapati na nyama wanayanunua. Anachuma mstari wa ndani, ule wa mpakani anauacha uchanue. Maua hayaliwi, lakini yeye alitafuta ua ambalo nusu yake linaliwa.

Alipanda maharage mwezi wa tisa, dhania ikiwa imeshaanza kutoa maua meupe. Kwenye ukingo wa juu aliacha kishona nguo, akawa anakifyeka kisizae mbegu za kunata kwenye nguo za watoto. Pia ana utupa nyuma ya nyumba, ile mimea tunayoijua kutoka nyumbani, watu wanaitwanga kuvulia samaki. Maji ya majani yake yanaua wadudu. Tulibishana kidogo kuhusu hilo. Mimi nilisema itaua na marafiki. Yeye alisema atapaka kwa kitambaa kwenye ncha zilizojaa tu, jioni, wakati nzi wamelala, hatapuliza shamba zima. Sikuwa na la kujibu. Hilo halikuwa kwenye mafunzo.

Vidukari walikuja. Nisiwadanganye, hawakukosa kuja. Walishika mistari miwili ya upande wa njia, wakakaa kama wiki moja na nusu, halafu wakaanza kugeuka rangi ya kaki. Watoto wake walikuwa wanahesabu mamba kabla ya kwenda shule na kugombana nani amepata wengi. Mdogo alikataa kabisa mtu asimponde yeyote, mpaka na mende wa ndani akawa anawatetea. Msimu huo alivuna vizuri, zaidi ya ule wa mwanzo. Mvua nayo ilisaidia, siwezi kuwapa maua sifa zote.

Mahindi ni habari nyingine. Viwavijeshi vamizi, wale waliotoka Amerika wakaingia Afrika mwaka 2016, bado wanatusumbua hapa kila msimu, na dhania haiwazuii. Wanajificha ndani ya moyo wa mahindi. Huko Mama mukubwa anapita asubuhi na kijiti, anawatoa mmoja mmoja, na majivu kidogo anamwaga ndani. Nyigu wanasaidia, lakini bila mkono wake hawatoshi. Kuna siku aliniita nimsaidie, tukatoa mpaka jua likawa kali, hatukuzungumza habari ya maua hata kidogo.

Kikundi cha vijana sasa tumebaki tisa. Wawili wameolewa, mmoja amesafiri na familia yake kwenda Marekani, wengine wamekwenda kutafuta maisha Kampala. Mradi haujarudi, lakini bustani ipo, na dhania tunapanda wiki nne kabla ya kila kitu. Dawa ya chupa ya soda hatujanunua tena. Yule kijana aliyetapika ndiye anayesimamia mbegu.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa Mama mukubwa kumsalimia. Kuna familia mpya imepewa kiwanja ng'ambo ya njia, mama mwenye watoto wadogo, bado wanaishi chini ya turubai. Mama mukubwa aliingia ndani akatoka na fundo la kitambaa, akaniwekea mkononi. Ndani zilikuwa mbegu za dhania.

"Mupelekee yule mama mupya. Weye njo uko na maneno."

Nikasema sawa, nitampelekea leo leo.

"Lakini umwambie apande mbele ya maharage. Mbele! Na akikuuliza kama watoto watakula maua, usicheke."